Tyson angempiga Ali? Ali yupi?

Wadau, kuna ubishi mmoja hauzeeki. Kaa na watu wanaopenda ngumi, iwe kijiweni au ofisini wakati wa chai, haipiti nusu saa utasikia: "Tyson wa mwaka 1988 angemlaza Ali kabla ya raundi ya tatu." Mwingine anatoa simu, anaonyesha kipande cha video Tyson akigawa dozi, wote wanacheka, kesi imekwisha.

Mimi nasema kesi haijaisha. Tena nasema bila kumung'unya maneno: mchukue Muhammad Ali akiwa kwenye ubora wake, mchukue Mike Tyson akiwa kwenye ubora wake, wawekeni kwenye ulingo wowote mnaotaka. Ali anashinda. Na Tyson hafiki raundi ya mwisho.

Tuanze na swali ambalo mashabiki wa Tyson hawapendi kuulizwa. Ali yupi?

Tyson mnayemleta nyie ni yule wa tarehe 27 Juni 1988 pale Atlantic City, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Spinks alikuwa hajawahi kupoteza pambano. Sawa, huyo ndiye Tyson bora, miaka 21, sina ubishi. Lakini Ali mnayemleta ni yule wa Kinshasa 1974, ameegemea kamba anapokea makonde ya George Foreman. Au ni yule wa Manila 1975 akiwa hoi mbele ya Joe Frazier. Huyo ni mtu wa miaka 32 na 33, miguu imeshamkimbia. Mnamchukua kijana aliyeiva mnampambanisha na mtu aliyeanza kuchakaa, halafu mnashangilia matokeo. Huo ni wizi wa kura mchana kweupe!

Ali ninayemsema mimi alipanda ulingoni Houston tarehe 14 Novemba 1966 dhidi ya Cleveland Williams. Miaka 24. Katafuteni pambano hilo mlitazame lote, lenyewe ni fupi, liliisha raundi ya tatu. Mtu anarudi nyuma huku anapiga, na anayepigwa hajui ngumi imetoka wapi. Na anayesema Tyson alikuwa mzito zaidi akaangalie mizani: Ali siku hiyo alikuwa na paundi 212 na ushee, Tyson siku ya Spinks paundi 218. Tofauti ni chakula cha mchana.

Halafu mwaka 1967 Ali akakataa kwenda jeshini kupigana Vietnam. Wakamvua ubingwa, wakamfungia kupigana. Alirudi ulingoni Oktoba 1970. Miaka mitatu na nusu, kuanzia akiwa na miaka 25 hadi 28, umri ambao bondia wa uzito wa juu ndiyo anakomaa. Kwa hiyo Ali bora kabisa hakuna aliyemwona. Hata huyo tunayemsifia wa miaka ya sabini ni mabaki.

Sasa mtaniambia: "Lakini Tyson alikuwa anatisha, watu wanashindwa kabla kengele haijalia." Sonny Liston je? Alimlaza Floyd Patterson raundi ya kwanza mwaka 1962, wakarudiana 1963, akamlaza tena raundi ya kwanza. Wacheza kamari walimpa kijana Cassius Clay nafasi moja kwa saba. Februari 1964, Miami, Liston alibaki amekaa kwenye kiti chake, akagoma kutoka raundi ya saba. Vitisho havikumgusa Ali, vilimchekesha.

Na huyo Patterson nimemtaja makusudi. Aliyemfundisha ngumi ni Cus D'Amato, mzee yule yule aliyemlea Tyson. Mtindo ule ule: mikono imebana mashavu, kichwa hakitulii, unaingia chini ya ngumi za mrefu. Ali alikutana na Patterson Novemba 1965 na kumsulubu hadi raundi ya 12, mwamuzi akasimamisha. Nakubali, Patterson hakuwa na nguvu za Tyson na mgongo ulimsumbua siku ile. Ila msiseme Ali angekutana na kitu asichokijua.

Turudi kwa Tyson wenu. Alikuwa na urefu wa sentimita 178, Ali 191. Mikono ya Ali ilimzidi kwa inchi 7. Warefu walimfanya nini Tyson? Mitch Green mwaka 1986, raundi zote 10. Bonecrusher Smith na Tony Tucker mwaka 1987, raundi zote 12. Tyson alishinda yote kwa pointi, sikatai, lakini hakuwalaza. Na hapo kocha Kevin Rooney yupo kwenye kona, kwa hiyo kisingizio cha kocha hakipo. Smith alichofanya ni kumkumbatia tu usiku kucha. Ali alikuwa fundi wa kukumbatia. Kamuulizeni Frazier wa Januari 1974, shingo yake ilivyoshikwa usiku mzima.

Tokyo, Februari 1990, mnaijua. Buster Douglas, mrefu, ngumi ya kushoto ya kunyoosha haikauki usoni. Las Vegas waliweka 42 kwa 1. Douglas akadondoshwa raundi ya nane, akainuka, akamlaza Tyson raundi ya kumi. Mtasema Tyson hakuwa amejiandaa, maisha yamevurugika. Vizuri. Kama tunamsamehe Tyson ya Tokyo, tumsamehe na Ali kipigo cha Frazier cha Machi 1971, pambano lake la tatu tu tangu atoke kifungoni. Msitumie mizani mbili.

Jambo moja nawapa bure, maana ndiyo hoja yenu pekee yenye uzito. Ali alikuwa anakula ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Sonny Banks alimwangusha mwaka 1962, Henry Cooper mwaka 1963, Frazier mwaka 1971. Na ngumi hiyo Tyson alikuwa nayo, tena ya kuogofya. Kwa hiyo ndiyo, raundi ya pili au ya tatu Ali anakwenda chini.

Halafu anainuka. Hapo ndipo pambano linapoanza. Ali aliinuka kila alipodondoshwa. Banks na Cooper aliwamaliza usiku ule ule. Tyson? Douglas 1990, Holyfield 1996, Lewis 2002. Hakuna pambano hata moja ambalo Tyson alikwenda chini akashinda. Hizo sekunde 91 haziwezi kukuonyesha jambo hilo, kwa sababu ndani yake hakuna aliyemjaribu.

Raundi ya tano Tyson anaanza kupiga ngumi moja moja badala ya mfululizo. Ya sita jicho limevimba. Ali anaongea naye, anamkumbatia, anamsukuma, anamchoma. Ya tisa mwamuzi anaingia kati. TKO.

Na msidhani nampamba mtakatifu wa Kinshasa. Mwaka 1980 alikuja hapa Dar, katumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu akakataa hata kumwona. Alistahili. Mimi naongelea ngumi.

Mwaka 1989 wote wawili walikaa kwenye kipindi cha Arsenio Hall huko Marekani, wakaulizwa swali hili hili. Ali kwa utani akaonyesha kwamba angelazwa. Tyson, bingwa wa dunia wakati huo, akasema mbele ya Ali kila kichwa lazima kiiname. Yeye mwenyewe kainamisha, nyie mnamwinulia shingo ya nini?

Wa Tyson, leteni hoja. Video ya sekunde 91 nimeshaiona.