Hesabu ya Matone
Mwanafunzi wa sekondari mwenye alama hafifu za hisabati huambiwa mara nyingi, tena kwa nia njema, kwamba akikosa udaktari bado uuguzi upo. Shauri hilo ni la hatari.

Mgonjwa aliyeandikiwa lita moja ya maji ya dripu kwa saa 8, kwa mrija utoao matone 20 kwa kila mililita, huhitaji matone 42 hivi kwa dakika. Muuguzi ndiye ayahesabuye, saa mkononi. Ipo pia mirija ya watoto, itoayo matone 60 kwa mililita. Akitumia mrija wa watu wazima kwa hesabu ya mrija huo, mtoto ataingiziwa maji mara tatu ya kipimo, na mapafu yake yaweza kujaa.

Florence Nightingale, akumbukwaye zaidi kwa taa yake, alikuwa mtakwimu. Michoro yake ya mwaka 1858 ilionyesha kuwa katika Vita vya Krimea maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha. Ndiyo maana shahada ya uuguzi hudai fisiolojia, elimu ya dawa na takwimu.

Mwalimu afundishaye uwiano aweza kuomba mrija mtupu, usiotumika, katika zahanati ya jirani, akawaachia wanafunzi wayahesabu matone wenyewe.