Sindano ya Shaba

Mwezi huu tuongee juu ya Fumo Liyongo, mshairi na shujaa wa zamani wa pwani ya Kenya, upande wa Pate na mto Tana.

Mtawala wa Pate alimwogopa, akamfunga. Mama yake akamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa, maana walinzi walikuwa wakila kila chakula kizuri. Watu wakipiga ngoma nje, Liyongo akakata minyororo, akatoka.

Sasa vijana, sikilizeni. Silaha hazikumweza. Kitu kimoja tu kiliweza kumwua: sindano ya shaba katika kitovu. Mtoto wake mwenyewe aliahidiwa kuozwa binti wa mtawala, ndipo akamwuliza baba siri, akamchoma usingizini. Liyongo alikufa amepiga magoti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mtoto hakufaidi ile ahadi. Unamkumbuka Delila na Samsoni?

Hadithi hiyo haikuzikwa. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitungia utenzi mwaka 1913. Mwaka 2009 Mtanzania Emmanuel Mbogo alitoa mchezo wa kuigiza, Fumo Liongo. Uingereza pia ilikuwa hivyo: mshairi Chaucer alifariki mwaka 1400, na miaka mia mbili baadaye Shakespeare alichukua kwake hadithi ya Troilus, akaipeleka jukwaani.

Kwa nini watu wanazirudia hizi za zamani? Kwa sababu yule mtoto hajaisha. Huku kwetu kijana anarudi kutoka machimbo, Rubaya ao Walikale, tajiri amekwisha kumwahidia pikipiki. Anakaa karibu na mzee, anauliza kwa sauti tamu: "Papa, karatasi za shamba ziko wapi?" Mzee anafurahi. Kisha shamba ni mashimo matupu, na mama hana pa kupanda maharagi.

Wazazi, Liyongo alimtilia mtoto shaka, lakini akamwambia tu. Ninyi itaneni wote, wasichana pia, muongee shamba litabaki kwa nani. Siri ya mtu mmoja inanunuliwa upesi. Jambo linalojulikana na nyumba nzima ni gumu kuuza.

Na ninyi vijana, igizeni hadithi hii mbele ya wazazi. Yule atakayecheza mtoto, mumwulize: ulipoahidiwa binti, ungeweza kukataa kwa maneno gani?