Kimya cha Wahadhiri Si Heshima

Katika vyuo vikuu vyetu imejengeka imani kwamba mhadhiri mwenye adabu hampingi mwenzake mbele ya watu. Ukiwa na neno, kamwone ofisini. Ukilisema kwenye semina, tena wanafunzi wapo, umemvunjia heshima; na kama amekuzidi cheo au umri, basi huna malezi. Idara ambayo watu wake hawabishani husifiwa kuwa ina umoja. Imani hii ni potofu, na inaiua kazi ambayo chuo kikuu kiliundwa kuifanya.

Tazama semina ya idara inavyokwenda. Mtoa mada anamaliza, mwenyekiti anafungua majadiliano. Wa kwanza anampongeza kwa mada nzuri. Wa pili anampongeza pia. Wa tatu anaomba ufafanuzi wa jambo dogo, muda unaisha, watu wanakwenda kunywa chai. Hapo sasa, vikombe mkononi, wale wale waliopongeza wanaambizana kwamba data hazitoshi, nadharia imepachikwa tu, na hitimisho halitokani na utafiti. Huenda hoja zote hizo ni za kweli. Aliyezihitaji hakuzisikia. Atayapeleka makosa yake kwenye jarida, kutoka huko hadi darasani, na wanafunzi watayarudia kwenye mtihani na kupewa alama.

Watetezi wa kimya wanasema mila zetu hazituruhusu kukosoana hadharani. Dai hili linaniudhi kuliko yote, maana ni kujisingizia. Muyaka wa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu, na tungo zile zikashikwa na watu vichwani kwa vizazi. Katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, malenga aliyepingwa kwa shairi alijibu kwa shairi, jina lake likiwa chini yake, na msomaji akapima mwenyewe. Huo ni ubishi wa hadharani, na ni wetu.

Mlimani, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, napo palikuwa na ubishi. Mwaka 1970 Issa Shivji, akiwa kijana, alichapisha katika Cheche, gazeti la wanafunzi, makala ndefu iliyodai kwamba utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha haukuikata minyororo ya mtaji wa kigeni. Walter Rodney, John Saul na Tamás Szentes, waliokuwa wakifundisha hapo hapo, hawakumwita pembeni kumnong'oneza. Walimjibu kwa maandishi, wakikubali hapa na kukataa pale. Mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikachapisha makala hiyo pamoja na majibu yao katika kitabu kimoja. Shivji alipotoa kitabu chake kikubwa zaidi kuhusu matabaka mwaka 1976, Dani Nabudere alikishambulia, wengine wakamshambulia Nabudere, akiwamo Mahmood Mamdani, na malumbano yale nayo yakakusanywa kuwa kitabu mwaka 1982. Hadi leo anayetaka kuelewa siasa za uchumi za Afrika Mashariki huanzia kwenye maandishi hayo.

Kiswahili nacho kilifaidika. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, washairi wanamapokeo walisema wazi kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Mulokozi na Kahigi wakaja na Kunga za Ushairi mwaka 1979 kuutetea upande wa pili. Leo mwanafunzi wa sekondari anasoma mashairi ya aina zote mbili, na anajua kwa nini yanatofautiana, kwa sababu kuna watu waliokubali kuudhiana.

Nakiri kwamba lugha ya Mlimani wakati ule ilikuwa kali, na mara nyingine hoja iligeuka kubandikana majina ya kisiasa. Dawa yake ni mwenyekiti imara anayemzuia mtu kutukana na kumruhusu kupinga. Kufunga mdomo wa kila mtu kwa sababu mmoja alitukana ni uvivu.

Kwa hakika kinachoitwa heshima ni woga, na woga huo una sababu zinazojulikana na kila aliye ndani. Unayempinga leo ndiye atakayekaa kesho kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Mhadhiri msaidizi anasimamiwa tasnifu yake na mkuu wake wa idara. Mzee aliyestaafu anasubiri mkataba wake uongezwe. Katika hali hiyo kunyamaza kunalipa, na majungu ya korido yanachukua nafasi ya hoja. Anayenufaika zaidi ni mkubwa ambaye hajasoma kitu kipya kwa miaka mingi na hataki ijulikane.

Mwaka 1990 wanataaluma wetu walitoa maazimio mawili ya uhuru wa kitaaluma, la Dar es Salaam mwezi Aprili na la Kampala mwezi Novemba. Walikuwa na haki ya kuihofia dola: Cheche lenyewe lilipigwa marufuku mwaka ule ule wa 1970. Lakini hakuna polisi anayeingia katika semina zetu za Jumatano kutuziba midomo. Tunajiziba wenyewe, kisha tunailaumu serikali kwamba haitusikilizi. Itasikiliza nini?

Ndugu mkuu wa idara, semina ijayo iko mikononi mwako. Mpe mada mhadhiri mmoja wiki mbili kabla, umwagize aandike pingamizi lake, na mtoa mada ajibu kwa maandishi. Anza na mada yako mwenyewe, ili wadogo waone kwamba hakuna atakayelipiziwa kisasi. Waite wanafunzi, wakae mbele, na chapisheni vyote pamoja.