Birika la Chai na Maji ya Udhu



Wapenzi wasomaji, juma hili tunaomba idhini ya kuingia jikoni, mahali ambapo wengi wetu tulio wanaume huingia kuuliza kama chai imeiva, kisha tukatoka. Tumeingia kwa sababu ya swali tuliloulizwa na binti yetu mmoja kwa machozi, nasi tunadhani wapo wenziwe wenye swali hilo hilo ambao hawajapata wa kumwuliza.

Mwezi wa Julai, wakati baridi ya Mlima Kenya inaposhuka hadi mitaani, tulikwenda Meru kumzuru binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko, katika mtaa wa Majengo. Alfajiri ya kwanza alituletea maji ya moto ya kutawadhia katika birika lile lile la alumini lililopikiwa chai usiku. Tulipoyamimina mkononi tulisikia harufu ya majani ya chai na ya moshi. Tukaomba bakuli jeupe, tukayatia humo na kuyatazama kwenye taa. Yalikuwa maji safi yenye wekundu hafifu mno. Tukatawadha, tukasali.

Baada ya sala alikuja akakaa kando yetu. "Ami," alisema, "nimeona ulivyoyatazama yale maji. Mimi nayatawadhia hayo tangu nilipoletwa huku, mwaka wa pili sasa. Sala zangu zi vipi?" Hakuweza kuendelea.

Tulimjibu kama tulivyosomeshwa katika madhehebu ya Imamu Shafi. Maji yakichanganyika na kitu twahara, kama majani ya chai, yakabadilika kidogo tu, bado ni maji, na udhu wake ni sahihi. Yakibadilika sana hata mwenye kuyaona akayaita chai wala asiyaite maji, hayo ni twahara lakini hayatwaharishi, na udhu haupatikani kwayo. Na mtu akishuka kuwa mabadiliko yalikuwa mengi au machache, hurudi kwenye asili, nayo ni kuwa maji yangali yakitwaharisha, kwani shaka haiondoi yakini. Ama harufu ya moshi, hiyo haidhuru. Tulimwuliza kama aliwahi kutawadhia maji mekundu kama chai. Akasema la, kila siku yalikuwa kama yale tuliyoyaona. Tukamwambia hana sala ya kulipa, na uso wake ukakunjuka.

Hata hivyo, jambo lililo karibu na mpaka ni bora liwekwe mbali nao. Tuliona kuwa chanzo cha wasiwasi wote ule ni birika moja kupewa kazi tatu: kupika chai ya maziwa, kuchemsha maji ya udhu, na kumwogeshea mtoto. Huku kwetu pwani maji ya mfereji yanatosha kwa udhu, na birika likabaki na chai yake. Kule baridi imeyaunganisha yote. Tena Meru, mji ulioinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Majani hukawia kutoa rangi, naye mpishi huliacha birika jikoni muda mrefu, hata rangi ikashika kwenye kuta zake na maziwa yakaganda mdomoni.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: chai ya maziwa na ipikwe katika sufuria, na birika liwe la maji matupu. Mwenye uwezo wa mabirika mawili na ayatenge. Asiye nao atapata salama kwa sufuria yake.

Birika lililokwisha kushika rangi husafishwa hivi. Litie maji ya uvuguvugu na sabuni, uliache nusu saa, kisha usugue ndani kwa kitambaa au dodoki. Mdomo wake ndio unaosahauliwa zaidi: chukua kijiti chembamba, ukizungushie kitambaa, ukipitishe hadi kitoke safi. Suuza mara tatu, uchemshe maji mapya na kuyamwaga. Usisugue alumini kwa magadi. Tunajua magadi hayakosekani katika nyumba za huko kwa kulainishia mahindi na maharagwe, lakini huila alumini, huifanya nyeusi na kuidhoofisha.

Tulipokuwa tukirudi tulipitia Embu, tukakaribishwa na mama mmoja aliyehamia hapo kutoka Ishiara, upande wa Mbeere. Birika lake lilikuwa na ugonjwa mwingine. Mito iteremkayo mlimani, kama Kathita wa Meru na Rupingazi wa Embu, huleta maji laini yasiyoacha alama kubwa. Lakini visima vya nchi kavu ya chini mara nyingi vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya birika ikawa gamba jeupe gumu kama chokaa. Wenzetu wa Mombasa wenye visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe wanalijua gamba hilo vizuri. Naye aliuliza kuhusu udhu. Tukamjibu kuwa mabadiliko yatokanayo na ardhi maji yanamokaa au kupita hayadhuru twahara, hata yakiwa mengi.

Linalodhurika ni mkoba wake. Gamba hukaa baina ya moto na maji, na kila likizidi unene ndivyo makaa yanavyoteketea zaidi kabla maji hayajachemka. Huo ni uharibifu wa mali, nasi tumekatazwa israfu. Dawa yake ni siki na maji, nusu kwa nusu, au ndimu mbili tatu zilizokamuliwa ndani ya maji. Pasha moto bila kuchemsha sana, acha nusu saa, mwaga, suuza, kisha chemsha maji matupu na kuyamwaga. Kwa alumini usilaze siki usiku kucha, maana nayo hula. Gamba likiwa nene, rudia siku nyingine. Usilichokoe kwa kisu.

Masizi ya nje hayana taabu kwa atakayetangulia: kabla ya kuliteleka birika kwenye kuni, lipake nje sabuni nyembamba, na baadaye masizi yatatoka kwa maji. Lakini lisubiri lipoe kwanza, hasa la enameli, kwani maji baridi juu ya chuma cha moto huipasua enameli.

Mwisho, tikisa mkono wa birika kila juma. Ukilegea, ukazwe siku hiyo hiyo, au birika liondolewe jikoni. Maji ya moto hayamngojei mtoto apite. Na maji ya udhu yapozwe hadi mkono uyastahimili, kwani ni makuruhu kutawadhia maji ya moto mno, yasiyomwacha mtu akaeneza udhu vizuri. Usiku, mwaga yaliyobaki na ulifunike birika, kama Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alivyotufundisha kufunika vyombo.

Binti yetu ametuletea salamu juzi. Amenunua birika la pili, dogo, la udhu peke yake, na bakuli jeupe ameliweka kando yake. Tumemwambia bakuli halihitajiki tena. Amesema ataliacha hapo hapo.

Mwenyezi Mungu atutakabalie sala zetu na azitie baraka nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.