FEDHA YA BENKI IKIKUANGUKIA KIMAKOSA: KIGOGO HUPEWA MUDA, MLALAHOI HUPEWA PINGU

Vijana, tuambizane ukweli. Hakuna kijiwe hapa mjini, kuanzia Manzese mpaka Mbagala, ambacho swali hili halijapita. Umekwenda kwenye mashine kuchukua shilingi elfu ishirini zako za mwisho, ukakuta akaunti ina milioni nane usizozijua. Unafanyaje? Mmoja atasema Mungu hamtupi mja wake. Wa pili ataapa kwamba angepanda basi la alfajiri na mji huu usingemwona tena. Wa tatu, ambaye ndiye mwanasheria wa kijiwe, atakohoa kidogo kisha atoe hoja: "Sikuvunja mlango, sikumkaba mtu. Wameleta wenyewe. Wizi uko wapi?"

Huyo wa tatu ndiye hatari kuliko wote, maana anajua kusema.

Wizi uko hapa. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, kifungu cha 72, inamtaka mtu aliyelipwa fedha kwa makosa kuzirudisha. Haiulizi karani alisinzia au kompyuta iliugua. Kanuni ya Adhabu nayo haimtambui mwizi kwa kuvunja mlango tu. Mtu anayegeuza mali ya mwenzake kuwa yake kwa hila, huku akijua si yake, naye yumo. Kwa hiyo usiku ule fedha ilipoingia wewe huna kosa lolote. Kosa linazaliwa asubuhi, pale ulipojua na ukachota. Na usidhani utasema hukujua. Mtu ambaye mshahara wake ni laki tatu atamwambia nini hakimu kuhusu hizo milioni nane? Mashine imeandika saa, kamera imepiga picha, na pikipiki uliyonunua ina risiti yenye jina lako.

Waulizeni Wahabeshi. Machi 2024 mitambo ya benki kubwa ya serikali ya Ethiopia iliharibika usiku, na watu wakaweza kutoa fedha kuliko walizokuwa nazo. Habari ilikimbia vyuoni kwa simu, wanafunzi wakapanga foleni kwenye mashine usiku uleule kama wanasubiri ubwabwa wa harusi. Nani alikumbuka kwamba kila anayeingiza kadi anaacha jina lake? Benki ilitangaza kwamba atakayerudisha hatashitakiwa. Wengi wakarudisha. Waliokaidi wakabandikiwa majina na picha zao hadharani, mama mkwe apite asome.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, kuna mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja Afrika Kusini aliyestahili randi 1,400 za chakula akaingiziwa randi milioni 14. Hakuzirudisha. Katika muda wa miezi miwili na ushee zaidi ya randi laki nane zilikuwa zimeyeyuka, na kilichomuumbua ni risiti ya dukani iliyoonyesha salio lililobaki. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa wizi, akahukumiwa miaka mitano. Mwaka uliofuata alipokata rufaa aliondolewa kwenda gerezani, lakini hatia ya wizi ilibaki pale pale.

Sasa geuza ukurasa, utazame wenye nazo.

Agosti 2020 benki ya Citibank ya Marekani ilikuwa ilipe riba ndogo kwa niaba ya kampuni ya vipodozi ya Revlon. Kwa makosa yake yenyewe ikawatumia waliokuwa wakiidai kampuni hiyo karibu dola milioni 900. Baadhi walirudisha. Wengine wakakalia kama dola milioni 500 na kusema: tulikuwa tunadai, tumelipwa, kwaheri. Ni hoja ileile ya kijiweni, ila imevaa suti. Je, kuna aliyepigwa pingu? Hakuna. Walikwenda mahakamani na mawakili wao, na Februari 2021 jaji akawapa ushindi! Ikabidi mahakama ya rufaa itengue hukumu hiyo Septemba 2022.

Na hapa nyumbani je? Msijifanye mmesahau EPA. Shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu katika mwaka wa fedha wa 2005/06 kwenda kwa makampuni 22. Hapo hakuna kompyuta iliyoteleza. Wakaguzi walikuta nyaraka za kughushi. Januari 2008 Gavana akaondolewa. Halafu kikafuata kitu ambacho mlalahoi hajawahi kukiona kituo cha polisi: wahusika walipewa muda wa kurudisha, muda ukasogezwa hadi 31 Oktoba 2008, na Taifa likaambiwa kuwa watakaorudisha hawatapelekwa mahakamani. Waliobaki ndio walioanza kuonekana Kisutu Novemba ya mwaka ule.

Kijana akiyasikia haya anasema: kama wakubwa wanakula, kwa nini mimi nirudishe? Ndugu yangu, hapo ndipo unapojipeleka mwenyewe kwenye mtego. Kigogo ana wakili, ana dhamana, ana mtu wa kumpigia simu. Wewe una nini? Una kaka mwenye genge ambaye atauza mizani ili akutoe rumande. Ukila hiyo milioni nane hujamkomoa kigogo hata mmoja. Umempa kisa cha kukuita mwizi siku utakapomuuliza za kwake. Nataka vijana wa mji huu wawe na haki ya kuuliza habari ya bilioni 133 bila mtu kuwanyooshea kidole.

Kwa hiyo rudisha, lakini usirudishe kibwege. Usiitoe hiyo fedha na kuibeba kwenye mfuko wa rambo kwenda kumkabidhi karani dirishani, maana akikukana utalipa mara mbili. Iache palepale ilipo. Chapisha taarifa ya akaunti, andika barua fupi ya kusema fedha hii siitambui, ipeleke tawini na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala ile ndiyo wakili wako. Benki iiondoe yenyewe kwenye akaunti, kwa maandishi, nawe uhakikishe imetoa iliyozidi tu.

Kwenye simu kuna ujanja mwingine. Mtu anapiga analia kwamba ametuma kimakosa, mama yake yuko hospitali, tafadhali zirudishe kwa namba hii nyingine. Kwanza angalia salio lenyewe, usiamini ujumbe, kwa sababu ujumbe wa uongo unatungwa kama barua ya mapenzi. Hata kama fedha imeingia kweli, usiitume popote. Huenda imeibwa kwa mtu wa tatu, na wewe ndiye utakayebaki na alama za vidole. Mwambie apige kwa mtandao wake, nawe piga kwa wako, wao wairudishe ilikotoka. Mwenye haki atakubali. Tapeli atakutukana na kukata simu.

Na benki nazo zisijione malaika. Ni mara ngapi umekuta makato usiyoyajua, ukaambiwa "mfumo ndivyo ulivyo, njoo wiki ijayo"? Fedha yao ikija kwako kimakosa wanaitaka kabla jua halijazama, yako ikienda kwao inageuka mfumo! Dawa ni barua ileile na muhuri uleule. Zipo kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Lalamika kwanza benki kwako kwa maandishi, wakikupuuza au jibu lao lisipokuridhisha, beba nakala zako upande ngazi za Benki Kuu. Hata kama ni shilingi elfu tano.