Tunaogopa chokaa ya birika, tunanyamazia maji yenyewe

Fungua birika lolote la nyumba ya Lubumbashi, iwe ni Kamalondo, Kenya au Golf, utakuta ganda jeupe limejishika chini. Ukilikwangua kwa kijiko linatoka vipande vipande kama ganda la yai. Mama anayefua nguo anajua habari hiyo kwa njia nyingine: sabuni haitoi povu haraka, na shati jeupe la shule linaanza kuwa la kijivu mbele ya muhula kwisha. Ndiyo maana mvua za Novemba zikianza, beseni zinapangwa chini ya bati. Kwa maji ya mvua, kipande kidogo cha sabuni kinafanya kazi kubwa.

Mama mmoja jirani, pale Katuba, alinionyesha sufuria yake akasema: «Mwanangu, hii mayi itatuua mafigo.» Namheshimu sana, na najua kwamba anasema kile ambacho nusu ya mji inasema. Lakini sikubaliani naye. Naona hata kwamba hofu hiyo ya chokaa inatupotezea wakati, kwa sababu inatufanya tuangalie mahali ambapo hatari haiko.

Chokaa hiyo inatoka wapi? Inatoka chini ya miguu yetu. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya dolomi, mawe yenye kalsiamu na manyezi, na sehemu kubwa ya maji tunayokunywa inatoka ndani ya mawe hayo: visima vya REGIDESO kama vile vya Kimilolo, na foraje za watu binafsi zinazozidi kuchimbwa. Maji ya mvua yanapopita kwenye udongo yanabeba gesi kaboniki, yanakuwa na ukali kidogo, na ukali huo unayeyusha jiwe polepole. Ukiyachemsha, gesi inatoka na jiwe linarudi kuwa jiwe, pale chini ya birika. Hakuna uchawi wala dawa iliyotiwa na mtu.

Kila nchi inaandika jina lake katika maji yake. Kwa ndugu zetu wa upande wa Goma, kwenye mawe ya volkano ya Virunga, shida ni fluori: kuna chemchemi ambazo watoto wanaozinywa wanaota meno yenye madoa ya kahawia, na fluori haina ladha, haiachi ganda. Huko Ngazidja, kisiwa cha volkano Karthala, jiwe la lava linameza mvua yote hata hakuna mto wa kudumu. Watu wanaweka maji ya mvua katika matangi ya nyumbani, na visima vya pwani vinaonja chumvi. Sisi tulipewa chokaa. Kati ya zawadi hizo tatu, nadhani yetu ndiyo nyepesi.

Shirika la Afya Duniani (OMS) halijaweka kikomo cha afya kwa ugumu wa maji. Kwa fluori limeweka: miligramu 1,5 kwa lita. Kwa chokaa linazungumza juu ya ladha, sabuni na mabomba yanayoziba, basi. (Mtu mwenye mawe ya mafigo amuulize daktari wake, asiniulize mimi.) Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: chokaa hiyo inatulinda kwa sehemu fulani. Inapaka ndani ya mabomba ya zamani, chuma kisiliwe upesi. Na katika mji wa shaba na kobalti kama huu, mawe ya dolomi yanapunguza ukali wa asidi, na maji yasiyo na asidi yanayeyusha madini machache zaidi. Ni ulinzi wenye mipaka, lakini hatupaswi kuutukana kila asubuhi mbele ya birika.

Sasa tuje kwenye yale ambayo birika halionyeshi.

La kwanza ni vijidudu. Jiwe la dolomi lina nyufa na mapango madogo. Mahali ambapo mchanga ungechuja maji pole pole, nyufa zinayapitisha mbio. Choo cha shimo kikichimbwa karibu na kisima, uchafu unaweza kufika bila kuacha rangi wala harufu. Nimesikia mara nyingi mtu akijisifu: «Mayi ya foraje yangu ni muzuri, inangaa.» Inangaa, ndiyo. Hata maji yenye kolera yanaweza kungaa. Na Haut-Katanga inajua kolera. Tusijifanye wageni wake.

La pili ni bomba lenyewe. Umeme wa SNEL ukikatika, pampu zinasimama. Pampu zikisimama, mabomba yanabaki bila nguvu ndani, na kila tundu lililokuwa linatoa maji linaanza kuyavuta: maji ya mfereji, matope ya avenyu, yote yanaingia. Umeme ukirudi, robine inakohoa, inatoa maji mekundu kwanza, halafu meupe, na sisi tunaweka bidoni kwa furaha. Maji yaliyotoka safi kwenye kituo yanaweza kufika machafu nyumbani. Kwa hiyo kupima kwenye kituo peke yake hakutoshi.

La tatu ni madini, na hapa nataka kuwa mwangalifu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo. Vumbi lina sehemu yake, chakula kina sehemu yake. Sisemi kwamba ni maji tu. Lakini mwanzoni mwa Novemba 2025, wakati maji machafu kutoka bwawa la kampuni CDM yalipoingia katika mitaa ya komini Annexe na waziri wa Madini akasimamisha kazi zake, mtu mwenye kisima cha mikono katika uwanja wake alikuwa na njia gani ya kujua kama kinanyweka? Kuchemsha kunaua vijidudu na kushusha chokaa. Kobalti hakuitoi hata kidogo. Unachoma makala yenye bei ya kupasua kichwa, unapata maji ya moto yenye kobalti ileile.

Wenye pesa wameshapata jibu lao: wanachimba foraje, wanaweka tangi juu ya mnara, wanaaga robine ya mji. Siwalaumu, mtu hawezi kukaa na watoto bila maji. Lakini foraje nyingi zinachimbwa bila kipimo hata kimoja, na jirani anauziwa maji hayo kwa bidoni. Na kila mwenye sauti anapotoka kwenye bomba la wote, anayebaki kulalamika ni mama wa Katuba, ambaye wakubwa hawamsikii.

Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 48, inataja haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inazipa provensi kazi yake katika jambo hilo. Sisemi kwamba REGIDESO haipimi maji. Nasema kwamba matokeo ya vipimo yawe ya wote. Klori iliyobaki katika robine ya mwisho wa avenyu, siyo ile ya kwenye kituo. Vijidudu vya kinyesi. Kobalti, shaba, risasi. Kwa kila komini, na baada ya mvua kubwa, kwa sababu ndipo nyufa zinapobeba uchafu. Na kwa foraje: mwenye kuuza maji awe na karatasi ya kipimo, kama vile mwenye kuuza nyama anavyotakiwa kuwa na muhuri wa veterineri. UNILU ina watu wanaojua kazi hiyo, na wanafunzi wanaotafuta la kuandika.

Wataniambia kwamba kutangaza kutaleta hofu. Hofu tunayo tayari, tena tumeielekeza kwenye chokaa. Na wataniambia kwamba hakuna pesa ya kuchapa. Fakture ya maji inachapwa. Geuza ile karatasi: mgongo wake una nafasi ya kutosha kwa namba tano au sita na tarehe ya kipimo.