Laptopu Haijafa, Usikimbilie Diski Mpya

Wasee wa Uriri, tuambiane ukweli. Juzi nilifuta patisheni ya Linux ya zamani niweke Ubuntu mpya. Katikati, stima ikapotea, na betri yangu ilikufa kitambo. Kuwasha tena: skrini nyeusi, "grub rescue>". Fundi akasema diski imeisha, ninunue ingine. Zii! GRUB, kale kaprogramu kanakoamsha mfumo, kalikuwa kanatafuta mafaili yake kwenye patisheni niliyofuta. Basi.

Nikarudi home, nikawasha na ile flashi ya Ubuntu, nikafungua patisheni ya Windows: video zangu zote ziko. Nikamaliza kuinstoli, GRUB ikarudi.

Maoni yangu? Fundi anayetaja bei ya diski kabla hajajaribu flashi, mchukulie laptopu yako uende. Na wewe, weka nakala kwanza, ndio uguse patisheni.